Barua ya wazi kwa Mkutubi Mkuu: njugu zangu zilifungwa kwa kitabu cha maktaba yako

Kwa Mkutubi Mkuu wa chuo chetu, hapa Kisumu.

Daktari, salamu nyingi. Natumai uko mzima na watu wa nyumbani hawajambo. Mimi ni yule mwalimu wa hesabu kutoka Ahero, mwanafunzi wako wa masta, yule alikuandikia mwezi wa pili, akaandika tena mwezi wa nne, halafu akakalia benchi ya nje ya ofisi yako siku mbili akiambiwa uko mkutanoni. Sikutaka tufikie kuongea mbele ya watu hivi. Lakini Ijumaa iliyopita nilishuka Kondele saa kumi na mbili jioni, njaa imenishika, nikanunua njugu za shilingi ishirini kwa mama mmoja ambaye hukaa pale stejini na beseni, nikaingia matatu ya Ahero, nikala, na njugu zilipoisha nikafungua ile karatasi nione kama kuna punje imebaki kwa kona.

Hakukuwa na punje. Kulikuwa na thiorema ya spektra ya opereta za kawaida, yaani normal, kwa nafasi ya Hilbert, hesabu ya masta kabisa.

Nilidhani ni uchovu. Nikaipeleka karibu na dirisha. Pembeni kabisa, kwa penseli, kuna mtu ameandika "mbona??" na mshale unaelekea mstari wa nane. Daktari, huo mwandiko ni wangu. Niliuandika mwenyewe 2019 nikiwa nimeketi kwa ile meza ya karibu na dirisha bovu, juu ule mstari wa nane ulinisumbua wiki mbili. Nakiri, kuandika kwa kitabu cha maktaba ni kosa na niko tayari kulipa faini, ila sasa sijui nilipe wapi, kwako ama kwa mama njugu.

Uthibitisho wenyewe ulikatikia chini ya ukurasa, "kwa hivyo tuchukue epsiloni yoyote", basi, mwisho. Zingine ziko kwa njugu za mtu mwingine. Nilishukia Nyamasaria nikarudi Kondele na bodaboda, shilingi mia, nikamkuta mama bado yupo. Nikamwambia mama naomba ninunue karatasi zote. Akaniangalia. "Japuonj," yaani mwalimu kwa Kijaluo, "unataka karatasi ama unataka njugu?" Nikamwambia karatasi, na kama ni lazima njugu pia. Akanihurumia, akanipa kibunda kile hakuwa amekisokota. Vitabu alivinunua kwa kilo soko la Kibuye, anasema ni karatasi nzuri, ngumu, haipitishi mafuta. Nikahesabu nyumbani nikapata kurasa 31 na nusu. Hiyo nusu mwanangu ameshachora gari.

Sasa Daktari, tuongee pole pole. Mwaka jana ulisimama mbele ya wanafunzi wa masta na uzamifu, mimi nikiwa safu ya tatu, ukasema kwamba hakuna kitabu kitatoka kwa rafu bila idara kuulizwa. Tukapiga makofi, mimi nilipiga sana. Idara ya hesabu haikuulizwa. Msimamizi wangu alijua habari hii Jumatatu asubuhi kutoka kwangu, nilipomwekea karatasi yenye mafuta kwa meza. Alinyamaza, akavua miwani.

Nikaja maktaba siku hiyo hiyo. Ile rafu ya QA, herufi za vitabu vya hesabu, ninaijua kama njia ya kwetu, kutoka QA 174 kwa vikundi, unapita QA 211 kwa milinganyo, mpaka QA 329 kule mwisho kabisa chini ambako lazima uchutame, ndio opereta. Patupu. Kuna meza mpya zenye soketi za kuchaji simu. Nikauliza kijana wa pale mbele, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba vitabu vilitolewa kwa sababu havijaazimwa zaidi ya miaka kumi, sheria ni hiyo.

Hapo ndipo nilishindwa kujizuia, na kama alikuambia nilipaza sauti, ni kweli nilipaza. Daktari, vitabu hivyo vilikuwa na stika nyekundu. Stika imeandikwa HAIAZIMWI. Mliweka nyinyi! Mimi nimevisomea hapo hapo ndani kwa miaka, natoka Ahero asubuhi Jumamosi nakaa mpaka mnazima taa, nimewahi kuomba kimoja nikipeleke hata kwa fotokopi ya nje nikakatazwa, nikaambiwa stika. Sasa mmevitoa kwa sababu havikuazimwa. Mtu anafungwa kamba miguuni halafu anafutwa kazi kwa kutotembea.

Yule kijana si mbaya. Akajaribu kunisaidia, akauliza vilikuwa vya nini. Nikasema vya vikundi. Akasema, "Aah, za chama za akina mama? Hizo ziko upande wa maendeleo ya jamii." Nikasema na vya opereta. Akauliza opereta wa trakta ama wa hizi mashine za barabara. Sikumcheka. Nimejiuliza tu, waliokaa kamati ya kuchagua kitabu gani kitoke na kipi kibaki, walijua zaidi yake?

Basi wacha nieleze, labda hakuna aliyewahi kukueleza. Kidato cha tatu tunafundisha watoto fomula ya mlinganyo wa daraja la pili. Ya daraja la tatu na la nne ipo pia, Cardano wa Italia alizichapisha 1545. Watu wakatafuta ya daraja la tano karibu miaka mia tatu. Mnamo 1824 kijana wa Norway, Abel, akathibitisha kwamba hakuna fomula ya jumla ya namna hiyo, na kwa vile hakuwa na pesa ya kuchapisha aliubana uthibitisho wote kwa kurasa sita. Alikufa na kifua kikuu 1829, miaka 26, na barua ya kumpa kazi Berlin iliandikwa akiwa ameshakufa, habari bado hazijafika huko. Mimi mwalimu wa BOM, yaani ninalipwa na bodi ya shule, ninayesubiri kuajiriwa na serikali, naisoma hiyo hadithi kwa makini sana. Halafu Galois, Mfaransa, akaonyesha kwamba siri iko kwa jinsi majibu ya mlinganyo yanavyobadilishana nafasi, na hayo mabadilishano yakiwekwa pamoja ndiyo tunaita kikundi. Si chama. Usiku wa kuamkia pambano la bastola, 1832, alikaa akaandika barua ndefu ya hesabu kwa rafiki yake Chevalier. Akapigwa risasi, akafa na miaka 20. Yule rafiki pamoja na ndugu yake Galois wakatunza makaratasi, wakayanakili, na Liouville akayachapisha 1846. Miaka 14 watu wawili wanatunza makaratasi ambayo hawakuyaelewa yote. Ningependa kamati yako ifikirie hao watu wawili.

Opereta nayo ni kama posho mill, mashine ya kusaga unga. Unaingiza kitu, kinatoka kitu, na sisi tunauliza ni nini kinachoingia na kutoka bila kugeuzwa mwelekeo, kimerefuka tu ama kimefupika. Bila hiyo hakuna fizikia ya kwanta. Banach, mwanahesabu wa Poland, na wenzake walikuwa wanafanya kazi hii kwa kafe huko Lwów, mji ambao leo uko Ukrania, wanaandika juu ya meza za marumaru mpaka mke wa Banach akawanunulia daftari. Kwa daftari hilo mtu angeweka swali na zawadi yake. Mazur, mmoja wa wenzake, aliandika lake 1936, zawadi bata bukini mzima. Enflo wa Uswidi akalitatua na 1972 akakabidhiwa bata wake, anatembea. Lile daftari lilipita Vita Kuu ya Pili likapona. Kitabu chetu kilishindwa kupita Kibuye.

Na mambo haya hayajaisha ndio useme ni ya zamani. Kuna swali moja, kama kila opereta yenye mipaka kwa nafasi ya Hilbert, yaani uwanja ambamo opereta hizi hufanya kazi, ina kipande cha ndani ambacho haikitoi nje ya chenyewe. Kwa nafasi za Banach, ambazo ni aina pana zaidi, huyo huyo Enflo alionyesha kwamba si kila moja inacho. Kwa Hilbert mpaka leo halijapata jibu ambalo wote wamelikubali. Tasnifu yangu inagusa ukingo wa hapo, ukingo tu, sijidanganyi.

Najua utasema kila kitu kiko mtandaoni, uliniambia mara moja pale kwa ngazi. Ni kweli arXiv, ile tovuti ya pepa za utafiti, ipo tangu 1991 na ni ya bure, Mungu awabariki. Lakini pepa ya mtandaoni inafika mahali inasema "tazama Dunford na Schwartz, juzuu la pili", na hilo juzuu ni la 1963, nalo lilikuwa kwa rafu yako, chini kabisa, kule kwa kuchutama. Nywila zenu za vitabu vya kidijitali zinafanya kazi nikiwa ndani ya chuo peke yake, Ahero zinakataa. Bando nanunua mimi. Kitabu kimoja tu kipya cha opereta nilipouliza bei kilikuwa kinapita nusu ya mshahara wangu kabla ya kukiagiza, na mvua zikija na mafuriko huku Kano unajua mwenyewe pesa inaenda wapi.

Kuna wanaosema ni mambo ya tenda ya hizo meza, kwamba nafasi ilitakikana kabla mwaka wa fedha ufungwe. Sina ushahidi, sisemi. Ila nimetembea rafu iliyobaki, QA 76, kompyuta, na hapo nimepata vitabu vinne vya jinsi ya kutumia Windows 98. Vimekaa vizuri, vimepanguswa vumbi. Thiorema ya Abel ina miaka mia mbili na bado ni kweli leo asubuhi, hiyo imeenda kwa njugu, Windows 98 imebaki. Hongereni.

Nilikuwa nimeandika madai saba. Kamati ivunjwe, idara iombwe radhi, stika zitolewe, na kadhalika. Nimeyafuta. Nimechoka, na najua barua yenye madai saba huwekwa kwa faili.

Ninaomba hili moja. Yule kijana wako aliniambia kwamba si vyote vimeenda, kuna magunia matatu bado yako kwa stoo ile ya chini ya ngazi, yanangoja gari la pili. Moja lilikuwa limetoboka na nikachungulia kupitia wavu, nikaona mgongo wa kitabu cha kijani, Daktari, naapa ni juzuu la pili. Funguo ya stoo inakaa ofisini kwako. Usiite gari. Kama hamna mahali pa kuviweka, nipeni mimi, nitatia sahihi popote, nitavirudisha siku mtakapopata rafu, hata hizi kurasa 31 nitazirudisha. Nitakuwa kwa ile benchi Jumatatu saa mbili asubuhi, nimekuja na gunia langu.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa hesabu, Ahero