Barua kwa mwanangu anayekwenda Misri kusoma mambo ya kale

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ile insha uliyoiacha juu ya kabati nimeisoma yote, na nimempa hata baba yako mdogo. Umeandika vizuri, sikufichi. Lakini pana sentensi imenikaa kooni: “Farao aliletewa dhahabu, pembe na ubani kutoka kusini.” Aliletewa na nani? Kwa bei gani? Wewe umekulia nyuma ya meza ya ubani. Unajua hakuna mzigo unaofika dukani bila mtu kuubeba na mtu kudai chake.

Ukijaliwa kufika Luxor, nenda Deir el-Bahari, kwenye hekalu la Hatshepsut, malkia aliyetawala kama Farao, uutazame ukuta uliochongwa safari ya nchi ya Punt kwa jicho la mfanyabiashara. Jahazi tano. Mjumbe wa Misri amesimama, askari nyuma yake, na mbele ya Parahu, mkuu wa Punt, amepanga shanga, bangili, shoka na jambia. Wakuu wa Punt wakaandaliwa mpaka mikate, nyama na mvinyo. Halafu tazama kinachopakiwa: miche ya manemane ndani ya vikapu pamoja na mizizi yake, mpingo, pembe za ndovu, ngozi za chui, nyani. Punt ilikuwa mbali, kusini ya Bahari ya Shamu, na Farao hakuwa na ubavu wa kuitawala, kwa hiyo alikwenda na bidhaa mkononi. Lakini maandishi ya ukuta huo yanasema Wapunt walitoa kodi kwa malkia! Mimi nikifungua gunia la ubani huuchambua punje kwa punje, nyeupe huku, zenye maganda na mchanga kule, ndipo nataja bei, na muuzaji akiikataa hulifunga gunia lake akaondoka. Hiyo ni biashara. Karani wa Farao aliiandika kama kodi, nawe umemnakili.

Nubia, nchi iliyopakana na Misri upande wa kusini, mambo yalikuwa mengine. Huko walijenga ngome, Buhen, Mirgissa, Semna, na mwaka wa 8 wa utawala wake Farao Senusret III akasimamisha jiwe Semna: Mnubi asivuke kwenda kaskazini, kwa maji wala kwa nchi kavu, isipokuwa aliyetumwa ujumbe au anayekwenda kuuza Iken, ndiyo hiyo Mirgissa. Ukiwa huna njia ila mlango wa ngome, bei anataja mwenye ngome. Baadaye, Misri ilipoitawala Nubia mpaka mbali kusini, watoto wa wakuu wake walichukuliwa wakalelewa ikulu, kisha wakarudishwa kwao wamtumikie Farao. Hapo ndipo moyo wangu unaposhtuka, mwanangu. Si Wamisri wa leo ninaowahofia, ni watu wakarimu. Nahofia usirudi ukisema kwa kinywa cha yule karani.

Babako alitaka usome uhasibu, nami siku ile nilinyamaza badala ya kukutetea. Tuyaache. Lakini hesabu zitakufaa hukohuko. Soma kisa cha Wenamun, mjumbe wa Misri aliyetumwa Byblos, bandari ya pwani ya Lebanoni, kutafuta mbao za mierezi wakati nguvu za Misri zimekwisha. Zakar-Baal, mkuu wa Byblos, akaagiza daftari za wazee wake zisomwe, akaonyesha kwamba zamani walilipwa, naye hakati mti bure. Ikabidi Misri ilete dhahabu, fedha, mafunjo ya kuandikia 500, ngozi za ng'ombe 500, dengu magunia 20 na samaki vikapu 30. Ndipo watu 300 na ng'ombe 300 wakatolewa kwenda kukata. Huyo Zakar-Baal nampenda. Kila utakapoandika “Farao aliletewa”, simama uulize walilipwa nini. Walilipwa nini, mwanangu.

Januari Cairo kuna baridi, usijitie ujana. Lile sweta la kijani nimelishona kiwiko, lipo kwenye begi dogo pamoja na ubani kidogo na chetezo cha udongo. Kifunge kwa kanga kisivunjike. Bati la jikoni bado linavuja, fundi amekula arubuni na simu hapokei. Shangazi yako anaozesha baada ya Idi na anataka kujua kama utakuwapo, maana sare zinanunuliwa wiki hii. Nijibu upesi, na unitajie kipimo cha kanzu yako, naona umeongezeka urefu.

Mamako