Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Pemba mliohamia Unguja: kiwanja huangaliwa masika

Assalaamu alaykum wanangu, wa Wete, Konde, Chake na Mkoani.

Kila ninapokaa barazani baada ya alasiri huja mmoja wenu na suali lile lile: "Mzee, nikodi mjini au nikajenge shamba, nje ya mji?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi nawaandikia wote.

Mimi nilivuka mwaka 1975 na pakacha la maembe na anwani ya ami yangu. Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kubeba zege Michenzani, majumba marefu yakiwa bado yanapanda. Baadae nikawa fundi muashi, kazi iliyonilisha zaidi ya miaka thelathini. Watu wamehamia majumba yale na hadi leo wengi wa juu wanapandisha maji kwa ndoo. Kwa hiyo mkiniambia mmepata flati ghorofa ya tano kwa bei nzuri, mimi sikuulizeni vyumba vingapi. Nakuulizeni maji yanapanda mpaka ghorofa gani.

Kwamba kodi imepanda, sina la kubishana. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar nzima watu 1,889,773, na 893,169 kati yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Pemba yote, kaskazini na kusini, haifiki watu 550,000. Kila boti inayofika gati la Malindi inashusha mtu anayetafuta chumba. Mwenye nyumba analijua hilo, na dalali analijua zaidi, ndiyo maana unaambiwa ulete kodi ya miezi sita mkupuo na mwezi mmoja wa dalali juu yake.

Sasa kuna fikra imewakaa kwamba nyumba ya kodi ni aibu, pesa inatupwa baharini. Kwa fikra hiyo kijana anakimbilia popote palipo rahisi ili aseme na yeye ana kwake. Hesabuni kwanza. Tuseme chumba na ukumbi Magomeni, hapa hapa mjini Unguja, ni 150,000 kwa mwezi, na huko shamba ni 70,000. Umeokoa 80,000. Lakini wewe na mkeo nyote mnafanya kazi mjini, na nauli ya daladala tuseme ni 800 kwenda na 800 kurudi. Siku 26 za kazi, watu wawili, ni 83,200. Hapo sijatia watoto wa skuli, wala bodaboda ya usiku mtoto akishikwa na homa. Ile 80,000 haikuokolewa, imehamia mfukoni mwa utingo. Ila kama kazi yako iko Tunguu pale chuoni, basi Magomeni unatafuta nini? Kaa Jumbi, kaa Tunguu kwenyewe. Pima kwa kazi yako; ya jirani yako muachie mwenyewe.

Mlioko mahotelini Paje na Nungwi, nyinyi mna tabu ya peke yenu: mwenye nyumba hamtaki mpangaji wa mwaka, anamtaka mgeni wa siku tatu. Mkipata chumba kwa mtu wa kijijini, andikishaneni muda kwa karatasi, tena mbele ya sheha, kiongozi wa Serikali wa pale mtaani. Maneno ya mdomo huvunjika msimu wa wageni ukifika. Na Fumba, kule kwenye mji mpya, sitasema sana. Pazuri, nimekwenda kupaangalia, nikarudi. Si pa mishahara yetu.

Mji Mkongwe nao una vyumba vya bei ya chini ukibahatika, vingine katika nyumba za wakfu. Ingieni, lakini zigongeni kuta kwa ngumi kabla ya kutoa pesa. Tazameni boriti pale zinapoingia ukutani, ndipo maji yanapozila. Jumba la Ajabu lenyewe, pamoja na heshima yake yote, liliporomoka upande mmoja mwaka 2020. Nyumba ya kawaida ya chokaa isiyotiwa mkono miaka arubaini itashindwa nini?

Nije kwenye kiwanja, maana hapa nina kovu langu.

Mwaka 1989 nilinunua kiwanja huku upande wa Kwerekwe. Ilikuwa Januari, kaskazi imekausha kila kitu, ardhi ngumu kama saruji. Dalali hodari wa maneno, bei nusu ya viwanja vya juu. Pembeni kulikuwa na majimbi, mabichi kabisa, yamenawiri katikati ya jua lile. Mimi mtoto wa Wete, niliyelelewa kwenye mabonde ya mpunga, sikujiuliza majimbi, mmea wa penye maji, yanafanya nini pale. Tamaa ya kuitwa mwenye nyumba ilinifumba macho. Nikachimba msingi, nikapandisha ukuta, nikapaua, nikahamia. Mwezi wa Aprili mvua ikashuka usiku mzima, na asubuhi mke wangu akaniamsha: vyura wako chumbani na viatu vinaelea. Fundi mimi, niliyejengea watu nyumba kavu! Nilijaza kifusi miaka mitatu. Pesa ya kifusi ingeninunulia kiwanja cha juu na chenji ikabaki.

Na bado mimi nilikuwa na bahati, muuzaji alikuwa mmoja. Siku hizi kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu watatu. Ardhi hapa ni ya Serikali tangu miaka ya sitini. Tunachouziana ni haki ya kuitumia tu. Eka tatu walizopewa babu zetu baada ya Mapinduzi walipewa wazilime, si wajukuu wazikate vipande. Ukiuziwa kipande cha eka na mtoto mmoja wa marehemu, ndugu zake saba wapo, na siku moja watakuja. Karatasi ya sheha inaonesha kuwa mliuziana. Haikupi hati. Nendeni wenyewe ofisi ya ardhi mkaulize kabla, msimtume dalali akaulize kwa niaba yenu.

Na mabinti zangu, msikae nyuma kwenye hili. Waume zenu wataangalia kiwanja, nyinyi muulizeni mwanamke wa nyumba ya jirani: maji yanatoka siku gani, saa ngapi, kisima kikikauka mnateka wapi? Mita ya umeme mnatumia nyumba ngapi? Atakwambieni yote, hata yale ambayo hamkuuliza.

Aliyepata kiwanja na pesa bado anayo mkononi, anifuate barazani mvua za Aprili zikianza. Tutakwenda pamoja siku ya pili ya mvua kubwa. Viatu vya mpira ninavyo, jozi mbili.

Mzee wenu, fundi mstaafu
Unguja