Majirani wasifungiwe lango siku ya sherehe

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie maisha ya bweni katika shule zetu za Bukavu, mashariki mwa Kongo. Binti yangu anasoma sekondari moja hapa Ibanda, na Jumapili ya kutembelewa nilimkuta ameketi kwenye kitanda chake cha chuma, akishona soksi ya mwenzake kutoka Shabunda, mbali na hapa, ambaye hakuwa na mgeni. Tulikula sote watatu ugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, nilizobeba, na kabla sahani haijaisha yule mtoto alikuwa ameshaniita mama.

Ndiyo maana nimeumia kusikia kwamba sherehe ya shule safari hii ni ya wazazi wenye mialiko tu. Majirani, ambao huwajazia watoto madumu ya maji bomba la shule linapokauka, walizoea kuja kutazama ngoma, maigizo na mechi kati ya wanafunzi na vijana wa mtaa. Hofu ya usalama naielewa, wala siidharau. Lakini walinzi langoni na daftari la majina vingetosha. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi, kwa hiyo mzazi wa mbali akishalipa karo na bweni hana tena nauli, na mtoto wake atapigiwa makofi na nani?

Mama mzazi, Ibanda, Bukavu