Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: tupatie siku moja ya kliniki ya ulishaji

Ndugu Mganga Mkuu,

Kwa heshima zote, tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizoleta ofisini hazikujibiwa. Wiki hii tena mtoto mwenye mtindio wa ubongo amelazwa kwa nimonia. Kwenye kadi yake ya kliniki iliandikwa tu: "Alishwe vizuri."

Alishwe vizuri vipi? Uji hakuukosa, na ulikuwa na karanga na mafuta. Alilishwa chali mapajani, na shingo ikipinda nyuma njia ya hewa hubaki wazi, uji mwepesi ukateremka kabla hajajiandaa kumeza. Mtoto hupaliwa, hukohoa, kifua hujaa. Familia nyingine huambiwa ni kimeo. Anapelekwa kukatwa, anarudi na kidonda kooni na shida yake iko palepale.

Cha kufundisha kinajulikana. Mtoto akae wima, nyonga zikunjwe, miguu ikanyage kitu, kidevu kiinamie kifuani kidogo. Uji uwe mzito kiasi cha kutomwagika upesi kijiko kikiinamishwa. Nusu kijiko cha chai kiwekwe katikati ya ulimi, kigandamizwe taratibu, kisha mlishaji asubiri midomo ifunge. Asimimine, wala asiongeze kabla hajameza. Mtoto akijikaza na kujipinda nyuma, kijiko kiwekwe chini kwanza, atulizwe. Baada ya kula abaki wima kama nusu saa.

Mlo unaozidi nusu saa kila siku, sauti inayokoroma kama ina maji baada ya kumeza, maziwa kutokea puani, nimonia za kujirudia: hizo ni dalili za kumpeleka kwa mtaalamu, si za kumkaripia mama.

Sasa mama anazungushwa. Uzito dirisha hili, lishe dirisha lile, mazoezi ya viungo jengo jingine siku nyingine. Anayepima uzito hamwoni mtoto akimeza. Anayenyoosha viungo haulizi amekula nini. Na shingo isiyokaza ndiyo inayoharibu kumeza, na njaa ndiyo inayomnyima nguvu ya kukaza shingo!

Uliahidi mbele ya wazazi kwamba jambo hili litapangwa. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Desemba 2021, na inataka afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mlezi kusoma ishara za mtoto na kumwitikia), ujifunzaji wa awali na ulinzi wa mtoto viende pamoja. Watoto wetu wanakua huku wakisubiri.

Tunaomba siku moja kwa wiki, chumba kimoja. Muuguzi wa kliniki, ofisa lishe na mtaalamu wa tiba kwa vitendo (anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku kama kukaa na kula) wakae pamoja, mama amlishe mtoto mbele yao, warekebishe palepale. Kiti cha mbao chenye meza ndogo na pa kukanyagia, fundi seremala wa mtaani anakitengeneza. Vingine ni kikombe, kijiko na mkeka.

Siku moja tu kwa wiki, Ndugu Mganga Mkuu. Tutajie ni lini itaanza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Watoa tiba na wazazi wa watoto wenye shida ya kumeza