Baba, nimewaeleza kazi yangu

Berlin

Kwa Baba na Mama,

Assalaam alaykum. Shikamooni. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na natumaini hapo Mtanda nanyi hamjambo pamoja na Bibi. Mama, korosho ulizompa yule mgeni zimenifikia salama, nazila kwa kujibana ili zisiishe upesi. Baba, Hamisi kanieleza kuwa ufuta umeshafika ghalani na mnasubiri mnada. Mungu ajaalie bei nzuri.

Wiki hii kikundi chetu kilitoa wasilisho chuoni kuhusu kazi ya mchoraji wa vitabu na vielelezo: anaipataje kazi, analipwaje, anaishije. Muda wote niliosimama mbele ya wenzangu, moyoni nilikuwa nazungumza nanyi. Baba, siku naondoka, pale stendi, uliniuliza kama kuchora nako ni kazi ya kumlisha mtu. Sikutaka kukujibu kwa maneno matupu. Sasa naweza kukujibu kwa niliyoyaona.

Tulikuwa wanne. Mwenzetu mmoja alieleza hatua za kazi, kuanzia michoro midogo ya penseli mpaka rangi ya mwisho. Mwingine akazungumzia matbaa, na kwa nini kitabu cha picha cha watoto mara nyingi huwa na kurasa 32: karatasi kubwa ya matbaa hukunjwa, ikikatwa hutoa kurasa kwa mafungu. Wa tatu alionyesha namna ya kupanga kazi zako ili mchapishaji azitazame. Mimi nikabeba sehemu ya fedha na mikataba, halafu uchoraji wa kisayansi.

Kwenye fedha ndiko nilikokukumbuka zaidi, Baba. Mchapishaji akitaka michoro ya kitabu, hutoa malipo ya awali, na kitabu kikiuzwa vya kutosha, mchoraji hupata mrabaha, yaani fungu dogo la mauzo, kwa kila nakala. Kinachouzwa hapo ni ruhusa ya kuutumia mchoro: kwa kitabu hiki, kwa lugha hii, kwa miaka hii. Mchoro wenyewe unabaki wako. Nikawaambia, kwetu Kusini mtu akikuuzia korosho za msimu, hajakuuzia mkorosho. Walielewa palepale, na mwalimu akaniomba nirudie ili wote waandike. Hata nyumbani ipo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wachoraji wetu wakiisoma hiyo sheria kabla ya kutia saini, wengi wataacha kuuza mkorosho kwa bei ya debe moja.

Kuna jambo jingine ambalo Mama atalipenda. Hapa Ujerumani tangu 1983 kuna mfuko wa bima kwa wasanii wanaojitegemea. Msanii hulipa nusu ya michango ya matibabu na pensheni. Nusu nyingine hutoka serikalini na kwenye kampuni zinazotumia kazi za wasanii, wachapishaji wakiwemo. Nilipoiona hesabu hiyo nilifurahi kweli, maana najua Mama hulala akiwaza nikiugua itakuwaje.

Sasa niwaeleze kuhusu Tendaguru. Hapa Berlin kuna makumbusho ambamo amesimama yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, aliyechimbwa kwetu Lindi, kwenye kilima cha Tendaguru, kati ya 1909 na 1913. Ana zaidi ya mita 13 kwenda juu. Nilienda pale na daftari, nikakaa sakafuni karibu na mguu wake wa mbele, nikachora. Mfupa ule ukiutazama kwa karibu una nyufa zilizoungwa, na rangi yake si moja, sehemu ina kahawia iliyoiva, sehemu ina kijivu. Nikawa nachora nyufa, na kila ufa ulinipeleka nyumbani.

Darasani nilionyesha michoro ya zamani ya mnyama huyo. Kwa miaka mingi wachoraji walimchora amezama majini, kichwa tu kikiwa nje, kwa kudhani uzito ule hauwezi kubebwa na miguu. Mwaka 1951 mtaalamu Kermack akaeleza kwamba kwenye kina kile shinikizo la maji lisingemwachia mnyama nafasi ya kuvuta pumzi. Siku hizi anachorwa nchi kavu, shingo juu. Hata mifupa yenyewe, iliyosimamishwa mara ya kwanza 1937, ilikuja kupangwa upya na kuzinduliwa tena 2007, miguu ya mbele ikanyooshwa zaidi. Hakuna binadamu aliyewahi kumwona akiwa hai. Ngozi yake, jicho lake, mwendo wake, vyote tunavijua kupitia mkono wa mchoraji aliyekaa na wataalamu wa mifupa. Hiyo ndiyo kazi, Baba, na ni kazi ya kuheshimika.

Slaidi yangu ya mwisho haikuwa na mjusi. Nilichora wapagazi. Mifupa ile ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikabebwa na watu kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, kama kilomita 60. Msimamizi wa wafanyakazi wa uchimbaji ule alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru alipewa jina kwa heshima yake, Australodocus bohetii. Darasa zima hakuna aliyekuwa amelisikia jina hilo. Msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, kwa nini mjusi amechorwa mara nyingi namna hii, na waliombeba hawachorwi? Nikamwambia mimi nitawachora.

Nimeshaamua. Kazi yangu ya kumaliza masomo itakuwa kitabu cha picha kuhusu safari ile, kwa Kiswahili, kwa watoto wa Lindi na Mtwara. Kusini watu wenye mikono ya sanaa hawajawahi kukosekana. George Lilanga, Mmakonde wa upande wa Masasi, alianza na uchongaji, na kazi zake zikaja kuonyeshwa nchi nyingi. Kwa nini habari ya Tendaguru ichorwe na wengine tu?

Ila nahitaji msaada wenu. Bibi aliwahi kusema babu yake alikuwa anasimulia habari za mizigo ya Wajerumani. Naomba Hamisi akae naye jioni amrekodi kwenye simu, bila kumkatiza, hata akitoka nje ya habari. Halafu Hamisi anipigie picha za mtu aliyejitwika mzigo mzito: moja kwa ubavu, moja kwa nyuma, na moja ya karibu inayoonyesha ngata ilivyokaa kichwani na vidole vinavyoshika mzigo. Nataka nione shingo inavyokaza na nyayo zinavyokanyaga mchanga. Amwombe mwenyewe ruhusa kwanza, na amlipe, maana naye anafanya kazi.

Pesa ya huyo mtu na nauli ya Hamisi kwenda upande wa Tendaguru nimeituma kwenye simu ya Mama jana. Hamisi asiende kabla mnada haujaisha, Baba asije akakosa msaidizi pale ghalani.

Mnisalimie Bibi, shangazi na majirani wote.

Binti yenu,
Somoe