Idara za hisabati zianzishe semina ya kila wiki, sherehe ya Machi 14 pekee haitoshi

Mhariri,

Kila ifikapo Machi 14, Siku ya Kimataifa ya Hisabati iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2019, utakuta idara za hisabati vyuoni zimechapisha fulana, zimealika mgeni rasmi na kugawa vyeti. Hatuna ugomvi na sherehe hiyo. Tunachoomba ni kwamba fedha na nguvu zinazomalizwa siku ile zigawanywe, na fungu kubwa liende kwenye kitu ambacho idara nyingi hazina: semina ya wanafunzi ya kila wiki, pamoja na shindano dogo la idara linalozaliwa humo.

Kijana aliyepitia mashindano ya sekondari ya Chama cha Hisabati Tanzania (CHAHITA), au aliyeshiriki Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika ilipofanyika Nairobi mwaka 2018, anafika chuoni akiwa amezoea kukaa na swali moja saa nzima bila kukata tamaa. Anachokutana nacho ni majaribio ya dakika 50 yanayopima kanuni alizokariri. Mazoea ya kuthibitisha yanamtoka taratibu. Wanaopoteza zaidi ni wenzake ambao sekondari hawakuipata nafasi hiyo, maana wanaweza kuhitimu shahada nzima bila mtu yeyote kuwadai uthibitisho wao wenyewe.

Semina haihitaji mfadhili. Inahitaji chumba chenye ubao mpana, chaki, na saa moja na nusu iliyoandikwa kwenye ratiba ya idara tangu wiki ya kwanza ya muhula. Hili la ratiba ndilo linaloua semina nyingi. Ikiachwa iwe “tutatangaziana”, wiki ya tatu imegongana na maabara ya fizikia, na wiki ya sita haipo tena. Ijumaa mchana iepukwe kwa sababu ya swala. Jumatano saa 9 alasiri huwa nafuu kwa wengi.

Mwanafunzi mmoja anasimama ubaoni kwa dakika 40. Projekta isiwashwe. Slaidi humruhusu msemaji kuruka hatua ambayo hata yeye haielewi, ilhali mkono unaoandika kwa chaki unakwenda kwa mwendo ambao msikilizaji anaumudu. Mada iwe ndogo na ikamilike siku hiyohiyo: kwamba namba tasa hazina mwisho, kwamba mzizi wa pili wa 2 hauandikiki kama sehemu, kwamba ramani yoyote inayopatikana kwa kuchora mistari iliyonyooka toka ukingo hadi ukingo wa karatasi yapakwa rangi mbili tu zikatosha, bila maeneo mawili yanayopakana kuwa na rangi moja. Kosa linalorudiwa ni kumwachia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza achague nadharia tete ya Riemann, dai maarufu kuhusu namba tasa ambalo bado halijathibitishwa. Ataishia kusoma historia yake, na wasikilizaji watatoka bila kitu mkononi.

Wiki moja kabla, msemaji aonane na mhadhiri mlezi na aieleze mada yote ubaoni bila karatasi. Pale anapokwama ndipo penye kazi ya wiki inayofuata. Mazoezi haya huchukua nusu saa, na ndiyo sehemu ya semina inayofundisha kuliko zote, kwa hiyo yasirukwe hata mlezi akiwa na shughuli nyingi.

Baada ya mada, dakika 10 za kwanza za maswali ziwe za wanafunzi, wakianza wa mwaka wa kwanza. Wahadhiri wakae nyuma na wasubiri. Profesa akiuliza wa kwanza, chumba kizima kinanyamaza. Anayetaka kuuliza kwa Kiswahili aruhusiwe waziwazi, kwa sababu alama zilizo ubaoni ni zilezile, na wengi wanaoonekana hawana swali wanakosa tu Kiingereza cha kuliulizia.

Pawepo pia swali la wiki. Libandikwe Jumatatu kwenye ubao wa matangazo, na majibu yaliyoandikwa kikamilifu yaingie kwenye sanduku ofisini kwa idara kabla ya semina. Jibu zuri kuliko yote linakiliwa kwenye kaunta buku moja ya idara, likiwa na jina la aliyelitoa na tarehe. Maswali ambayo hayajapata jibu yaachiwe kurasa tupu. Mjini Lwów, wakati huo ukiwa Poland, wanahisabati walianza daftari la namna hii mwaka 1935 katika mgahawa waliouzoea. Mwaka uliofuata Stanisław Mazur aliandika humo swali na kuahidi bata bukini hai kwa atakayelijibu. Per Enflo wa Sweden alilijibu na kukabidhiwa bata wake mwaka 1972. Daftari ndilo lililolilinda swali kwa muda wote huo, na kaunta buku yetu inaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa vizazi vya wanafunzi wanaopita chuoni miaka mitatu mitatu.

Shindano lifanyike mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa muhula wa pili lakini kabla ya wanafunzi wa ualimu kwenda mazoezini mashuleni. Jumamosi huwafungia nje Wasabato. Jumapili saa 8 mchana hadi saa 11 jioni haimkwazi mtu. Maswali sita kwa saa tatu, bila kikokotoo, yanatosha.

Ugumu ndipo waandaaji wengi wanapokosea. Shindano la Putnam la vyuo vya Marekani na Kanada, lililoanza 1938, lina maswali 12 ya alama 10 kila moja, na iko miaka ambayo nusu au zaidi ya washiriki wametoka na alama 1 au 0 kati ya 120. Wao wana mapokeo ya miongo mingi yanayowarudisha wanafunzi mwaka unaofuata. Idara inayoanza haina. Swali la kwanza lazima nusu ya chumba waliweze, la pili theluthi, na la sita mmoja au wawili. Ili kupima, wape maswali wanafunzi wawili wa uzamili wayafanye huku wakipimwa muda. Swali linalowachukua zaidi ya dakika 25 likae mwisho au litolewe.

Kila swali lijibiwe kwenye karatasi yake, likiwa na namba ya siri badala ya jina. Wasahihishaji wawili wapewe swali moja na walisahihishe kwa washiriki wote, kisha walinganishe. Wakitofautiana zaidi ya alama mbili, wakae pamoja na ile karatasi. Mwongozo wa alama uandikwe kabla ya karatasi ya kwanza kufunguliwa.

Tuonyeshe usahihishaji kwa mfano. Swali maarufu linasema: ukichagua namba zozote 6 tofauti kati ya 1 na 10, thibitisha kwamba zimo mbili ambazo moja huigawanya nyingine bila baki. Wanafunzi wengi huandika hivi: “Hali mbaya zaidi ni kuchukua 6, 7, 8, 9 na 10. Hapo hakuna inayoigawanya nyingine. Ukiongeza ya sita, iwe 1, 2, 3, 4 au 5, lazima iigawanye mojawapo. Imethibitika.” Linavutia, lakini uthibitisho haupo. Mtu mwingine anaweza kuanza na 4, 5, 6, 7 na 9, ambazo nazo hazigawanyani, na hoja ile haijamgusa. Mwanafunzi ameonyesha kwamba kundi moja haliongezeki, hajasema lolote kuhusu makundi mengine. Apewe alama 1 kati ya 10, au 2 kwa kugundua kwamba namba tano hazitoshi. Kumpa 6 kwa huruma ni kumfundisha kwamba mfano mmoja ni uthibitisho.

Njia sahihi ni kuigawa kila namba kwa 2 mpaka ibaki witiri. Kati ya 1 na 10 witiri ni tano tu: 1, 3, 5, 7 na 9. Namba zilizochaguliwa ni sita, kwa hiyo mbili kati yake zitaishia kwenye witiri moja, na ile ndogo huigawanya kubwa, maana kubwa ni ile ndogo iliyozidishwa kwa 2 mara moja au zaidi. Aliyefika hapo apewe 10, au 9 kama amesahau kueleza sentensi ya mwisho. Alama za katikati, 3 hadi 7, zitolewe kwa nadra sana.

Matokeo yatoke ndani ya wiki mbili pamoja na majibu kamili, na semina inayofuata ishughulikie makosa yaliyojirudia. Zawadi ziwe vitabu. Fedha taslimu huleta mashauri.

Kwa wale wanaofikiri kwa utaratibu na hawapendi kukimbizwa na saa, idara iazime mtindo wa shindano la Miklós Schweitzer la Hungaria, lililoanza 1949: mwanafunzi hupewa siku 10 na ruhusa ya kutumia kitabu chochote. Kwetu maswali matatu kwa wiki moja yatafaa, kwa sharti kwamba kila anayewasilisha aitwe ubaoni kueleza jibu lake kwa dakika tano. Sharti hilo linamaliza tatizo la kunakili kutoka intaneti, maana aliyenakili hawezi kujibu swali la pili analoulizwa.

Kuhusu usimamizi, tunawaomba wakuu wa idara wafanye mambo mawili. Saa za semina zihesabiwe kwenye mzigo wa kufundisha wa mhadhiri mlezi, kwa sababu kazi isiyohesabiwa hufanywa na mtu mmoja mwenye moyo, naye akienda masomoni kila kitu kinasimama. Na walezi wawe wawili wakati wote, pamoja na katibu ambaye ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, ili mwaka unaofuata awepo wa kumkabidhi mwenzake kaunta buku na funguo za sanduku.

Nawe Mhariri tuna ombi kwako. Hungaria ina jarida ambalo tangu 1894 limekuwa likichapa maswali ya hisabati kwa wanafunzi na kutangaza majina ya wanaoyajibu. Gazeti lako likitenga mistari sita kwa wiki, tuko tayari kuandaa maswali na kusahihisha. La kwanza ni hili, na mwanafunzi wa kidato cha nne analimudu: thibitisha kwamba ukichukua namba tasa yoyote iliyo kubwa kuliko 3, ukaizidisha kwa yenyewe na kutoa 1, jibu hugawanyika kwa 24 bila baki.

Wahadhiri wa hisabati,
Dar es Salaam