Chipukizi si lazima awe kijana

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na waandaaji wa mashindano ya insha, hasa yale yanayotangazwa kuwa ni ya "waandishi chipukizi ambao hawajachapishwa".

Nina miaka 51. Kwa miaka 26 nimepiga chapa maneno ya watu wengine: barua, mikataba, kumbukumbu za vikao. La kwangu mwenyewe halijachapishwa hata moja. Mwezi uliopita nilisoma tangazo la tuzo ya insha: maneno yasizidi 3,000, na mshiriki asiwe amewahi kutoa kitabu wala makala. Nikasema moyoni, hii ni yangu. Nikajaza fomu kwenye simu mpaka nikafika penye mwaka wa kuzaliwa. Nikashusha orodha ya miaka, nikaishusha tena, ikagota. Mwaka wangu haumo. Nikarudi kwenye masharti na kuyasoma pole pole, ndipo nikauona mstari wa mwisho: umri usizidi miaka 35.

Niliwaandikia. Walinijibu kwa adabu, na kwa hilo nawashukuru, kwamba tuzo ni ya chipukizi na kwa hiyo ni ya vijana. Hiyo "kwa hiyo" ndiyo sikubaliani nayo. Chipukizi ni kile kinachochipua. Mbegu huchipua, na kisiki kilichokatwa zamani nacho huchipua mvua ikikipata, na kinachotoka pale tunakiita chipukizi vile vile.

Insha niliyotaka kuipeleka inamhusu mama yangu. Kiharusi kilimwondolea majina ya vitu. Kikombe, kijiko, dirisha, vyote vilimtoka. Lakini ngeli hazikumtoka. Akitaka kijiko alisema "hiki", akitaka maji alisema "haya", dirisha likiwa wazi alinyoosha mkono na kusema "hili, hili". Nilijifunza kumsikiliza upya. Akisema "zile ziko wapi?" nilijua ni dawa au ni nguo, nikimtazama usoni najua ni zipi. Wajukuu walikuwa "wale". Mimi nilikuwa "huyu", na alilisema kwa namna ambayo sikuwahi kuitwa hata kwa jina langu. Alfajiri moja aliniuliza, "Ule umefika?" Nikataja mzigo, nikataja mshahara, nikataja mwezi. Akatikisa kichwa. Alirudia mara tatu kisha akageukia ukutani. Alifariki wiki mbili baadaye, na ndipo neno "wakati" liliponijia, nikiwa jikoni naosha kikombe chake.

Nikiwa na miaka 25 mama alikuwa mzima, na ngeli kwangu zilikuwa alama za mtihani tu. Insha hii nisingeweza kuiandika. Sisemi kijana hana la kuandika. Anayo yake, na mengine mimi siyafikii. Nasema tu kwamba insha ni utanzu wa mtu kulitazama jambo alilolipitia na kulifikiri mbele ya msomaji, na mambo mengine huchelewa kumpitia mtu.

Waliotutangulia wanaonyesha hivyo. Michel de Montaigne, mwandishi Mfaransa, ambaye kwake insha ilipata jina lake la Kifaransa lenye maana ya kujaribu, alitoa vitabu vyake viwili vya kwanza vya insha mwaka 1580 akiwa na miaka 47. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909, alitupa Kielezo cha Insha mwaka 1954. Na tuzo ya insha iliyovuma kuliko nyingi, ile ya akademia, yaani chama cha wasomi, ya mji wa Dijon, Ufaransa, ya mwaka 1750, iliyouliza kama kustawi kwa sayansi na sanaa kumezitakasa tabia za watu, mshindi wake alikuwa mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau. Alikuwa na miaka 38. Mwenyewe alieleza kwamba insha yake aliitunga kitandani usiku kwa kukosa usingizi, na asubuhi akamtajia mama wa mwenzi wake aiandike kabla haijamtoka. Kwa fomu ya siku hizi angegota kama mimi. (Na kwa kuwa alikwisha kutoa kijitabu cha muziki mwaka 1743, sharti la kutochapishwa nalo lingemfungia mlango.)

Kule Dijon kazi ziliingia bila jina. Mwandishi aliweka msemo juu ya insha yake, na jina likabaki ndani ya karatasi iliyofungwa. Tuzo niliyoitaja nayo inasema majaji hawaonyeshwi majina. Ni sharti zuri sana. Basi kama jaji hatajua ni nani aliyeandika, tarehe ya kuzaliwa inamsaidia nini?

Waandaaji waliniambia vijana hawana fursa. Ni kweli, na kama fedha zimetolewa kwa ajili yao, iandikwe wazi juu ya tangazo: tuzo ya vijana. Sitanung'unika hata kidogo. Lakini wakiandika "chipukizi" na "hajachapishwa", watupokee sote tunaochipua na ambao hatujachapishwa: mama aliyelea watoto kwanza, fundi aliyestaafu, mlinzi wa usiku mwenye daftari lake. Mstari wa umri waufute, orodha ya miaka kwenye fomu waiendeleze, mengine yabaki kama yalivyo.

Dirisha la kupokea kazi linafungwa mwisho wa mwezi huu. Insha yangu ina maneno 2,870, na haijachapishwa popote.

Wako,
Mpiga chapa, msomaji wa ukurasa huu